Mama Mizani na Springi za Kigoda

Dada yetu, ambaye karibu wote mliopo hapa mlimwita Mama Mizani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili wa baba yetu aliyekuwa mpaka rangi na mama yetu aliyekuwa mshonaji. Mimi ndiye niliyemfuata. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu kwenye kikao cha familia ilisemwa kwamba mimi sina haya, na ni kweli. Tarehe zote nitazisoma kama inavyotakiwa. Ila katikati nitasema jambo alilonituma marehemu mwenyewe, maana tangu juzi maneno yamekuwa mengi pale uani: eti mume wake alikuwa amelala chini ya pikipiki huku mkewe anakwisha mbele ya macho yake. Binti yao ameyabeba maneno hayo kama yalivyo. Tangu mwezi wa Mei hajamsemesha baba yake hata salamu. Wote wawili wako mstari wa mbele, na kati yao kuna kiti kitupu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza mwaka 1980. Sekondari alisoma miaka miwili tu. Baba akaugua kifua, ada ikakosekana, akarudi nyumbani. Akiwa darasa la nne mama alimtuma sukari dukani. Njiani akaupima mfuko kwa mkono, akaona mwepesi, akageuza. Alimwambia mwenye duka, mbele za watu, apime tena. Yule mzee alipima tena, akaongeza. Miaka kadhaa baadaye mzee huyohuyo alikuja kwetu kumwomba baba amruhusu binti yake afanye kazi dukani, kwa kuwa alikuwa anatafuta mtu ambaye hatamwibia wala hataibia wateja.

Alifanya kazi kwa yule mzee tangu 1983, na mwaka 1994 akafungua kibanda chake sokoni: mchele, maharage, unga, dengu. Mizani yake ilikuwa ile ya sahani mbili na mawe ya chuma. Wenzake walipohamia kwenye mizani za betri yeye aligoma. Alisema betri ikianza kuisha inasema uongo, na jiwe la kilo mbili halijawahi kuishiwa chaji. Wengi wenu mmekula mchele wa mkono wake, na sijasikia mtu aliyewahi kurudi kulalamika. Mpaka mwaka jana. Huko nitafika.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989 na fundi bomba aliyekuja sokoni kutengeneza koki moja. Kazi ya saa moja ile iliendelea siku tatu, na ilipokwisha koki ilikuwa bado inavuja. Baba yetu alisema fundi wa namna hii atatuharibia nyumba. Dada akajibu kwamba hakuwa fundi mbaya, alikuwa na macho kwingine. Walijaliwa binti mmoja, huyu hapa, ambaye ni mwalimu na anafundisha mbali.

Mwaka 2009 shemeji alianguka kutoka juu ya mnara wa tangi la maji. Goti la kushoto likapona likiwa limenyooka, halikunji mpaka leo. Mtu aliyezoea kupanda paa za watu akabaki ndani akihesabu boriti. Alianza kugombana na redio. Dada yangu alinitazama siku moja tukiwa tunafua, akasema anamwona mume wake anazama akiwa amekaa kwenye kiti kikavu.

Mwaka 2012 akamnunulia Kigoda. Wageni msiokijua, ni pikipiki iliyotumika, ya kawaida kabisa, ambayo mtu fulani aliikata mkia akachomelea ekseli yenye magurudumu mawili, kiti cha abiria na sanduku la bati nyuma yake. Magurudumu matatu, ndiyo maana mtaa ukaipa jina Kigoda. Goti bovu halikuhitaji tena kushika usawa. Lakini aliyeichomelea alikuwa na haraka zake. Nyuma iliwekwa shokapu mbili zilizotoka kwenye chombo kizito zaidi, bushi za mpira zilikuwa zimekwisha, na kila shimo la barabara lilimfikia abiria kwenye meno. Siku ya kwanza dada alishuka pale sokoni, akashika kiuno, akasema amefika yeye na nusu ya mifupa yake.

Shemeji alifufuka kwa ajili ya zile shokapu, na neno hilo nalitumia nikijua ninachosema. Alibadilisha bushi. Alipaka grisi kwenye maungio. Alijifunza ile ringi iliyo chini ya springi, yenye ngazi ngazi: ukiizungusha huku springi inakaza, ukiizungusha huku inalegea, na pande zote mbili lazima ziwe ngazi moja, la sivyo chombo kinavuta upande. Kisha akachora mstari mwembamba wa rangi ya njano kwenye bomba la shokapu. Mkewe akikaa kitini, springi inashuka, mstari unafichika. Akishuka, mstari unaonekana. Mstari ukifichika barabara, alisema, basi mgongo wa Mama Mizani uko salama. Kila Jumapili mchana ungepita pale ungemsikia uani: kaa, shuka, kaa tena. Na dada anakaa, anashuka, anakaa tena, bakuli la mchele wa kuchambua mkononi, akimuuliza kama anatengeneza pikipiki au anafundisha gwaride.

Walikwenda hivyo miaka kumi na moja. Asubuhi sokoni, jioni nyumbani. Shemeji akaanza tena kupata kazi za mabomba, koki za chini chini zisizohitaji kupanda. Redio ikaachwa ipumzike.

Mwanzoni mwa mwaka jana mstari ukagoma kufichika. Dada anakaa, mstari unamtazama shemeji. Akasema springi zimekomaa, zimekuwa ngumu. Akalegeza ringi ngazi moja, mstari ukafichika, wakaendelea. Baada ya wiki chache ukatokea tena. Akalegeza tena. Akafungua bushi akidhani zimekamata, akaziosha, akazirudisha. Akapunguza upepo kwenye matairi. Mpaka ringi zikafika ngazi ya mwisho, haziendi mbele tena, na Kigoda kinaruka kwenye kila kokoto kama siku ile ya kwanza. Shemeji alikuwa chini yake kila siku. Hapo ndipo mlipomwona, ninyi mnaosema, na mlichokiona ni kweli. Alikuwa anatafuta ugonjwa kwenye chuma.

Ugonjwa haukuwa kwenye chuma. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo wa jana dada alikwenda hospitali akiwa na mimi, akamwambia mumewe tunakwenda kuangalia vitambaa. Daktari alikuwa mpole. Alisema ni uvimbe wa tumbo, umeshatembea, kuupasua kungemtesa bure. Alitupa dawa za maumivu. Tulikaa kwenye benchi la nje muda mrefu, na mimi ndiye niliyelia, mgonjwa ananibembeleza. Nikamwambia jioni hii tumwambie shemeji. Akakataa katakata.

Alisema, "Nikimwambia, ataweka spana chini aanze kunitazama mimi kutwa nzima. Nimeshamwona akizama mara moja. Mwache atazame springi."

Akaniapisha. Nikaapa, maana ukiona mkubwa wako anakushika mkono namna ile huna ubavu wa kubisha.

Sasa sikilizeni. Shemeji aliposhindwa na ringi, akaamua kukata springi. Aliazima mashine ya kukatia chuma kwa mchomeleaji wa jirani, apunguze duara moja kila upande, zilainike. Dada alijua springi ikikatwa haiungwi, na alijua kwamba baada ya muda si mrefu mstari ungetokea tena, na mume wake angebaki na springi zilizoharibika na swali lilelile. Siku moja kabla ya kukata, alimwomba ajaribu mara ya mwisho: afungue shokapu zote, azisafishe, azifunge upya taratibu. Akafanya. Jumapili ile dada akakaa kitini. Mstari ukafichika. Shemeji aliinuka na goti lake, akapiga bati la sanduku kwa kiganja, akacheka peke yake uani. Mashine ikarudishwa kwa mwenyewe.

Lile sanduku la nyuma lilikuwa la dada, la bidhaa zake, na funguo alizivaa shingoni. Ndani yake, chini ya turubai, limeviringishwa kwenye aproni yake ya dukani, aliweka jiwe la kilo tano la mizani yake. Baadaye akaongeza la kilo kumi. Kadiri alivyopungua yeye, ndivyo alivyoongeza nyuma. Kwa mwaka mzima mgongo wa Kigoda ulikaa sawa, na mume wake aliamini kwamba kazi ya mikono yake ndiyo iliyokiweka sawa.

Na ndiyo maana sokoni alianza kupima mchele kilo mbili mbili. Mawe makubwa hayakuwepo. Mteja anataka kilo ishirini, yeye anapima, anamwaga, anapima, anamwaga, foleni inafika kwa muuza ndoo. Mlinung'unika. Kuna waliosema Mama Mizani ameanza ujanja wa uzeeni, kwamba kwenye kupima mara nyingi ndimo anamokata. Sitawataja, mko hapa na mmevaa vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya gunia, nayasikia yote, nimefungwa mdomo kwa kiapo. Yeye aliyasikia pia. Mwanamke ambaye tangu darasa la nne hakuvumilia gramu ipungue, alikubali mumwite mwizi ili mume wake asijue. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwezi wa Machi mwaka huu hakuweza tena kupanda Kigoda, na hapo hakukuwa na cha kuficha. Alimwambia mumewe mwenyewe, mlango umefungwa. Waliyozungumza mle ndani ni yao. Binti alifika mwezi wa Mei, akamkuta mama yake mwepesi kiasi kwamba anaweza kumnyanyua peke yake, akamuuliza baba yake uani, kwa sauti mtaa mzima ukasikia, kwamba alikuwa anaangalia nini mwaka wote. Huyu shemeji yangu hajui kujitetea. Angejua, asingefanya koki siku tatu.

Dada yetu alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa uani. Mumewe alikuwa ameshika miguu yake, binti ameshika kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni.

Kesho yake shemeji alikwenda kutafuta turubai la kufunika uani, wageni walikuwa wanaanza kufika. Akachukua funguo, akafungua sanduku. Nilimwona akitoa lile la kilo kumi, akaliweka chini. Akatoa lile la kilo tano. Kisha akainama kwa shida, akatazama mstari wa njano. Akayarudisha mawe, akatazama tena. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikaa palepale chini, mguu wake umenyooka mbele yake, mpaka nikaenda kumwinua. Akasema hatakipanda tena chombo kile, kwamba alipewa kipimo mkononi akakisoma kama mjinga.

Shemeji, huu sasa ni ujumbe wako, nao ndio ulionileta hapa mbele. Dada aliniambia: "Siku ya kunizika uwaambie watu kwamba nilijua. Na yeye umwambie hakukosea kazi. Springi zilikuwa sawa na alizifunga sawa, mimi ndiye niliyepungua."

Wasifu huu niliwasomea baba na binti kwanza, jana jikoni, kabla haujaenda kuchapwa. Sikutaka wausikie pamoja na ninyi. Binti alinyanyuka kabla sijamaliza, akaenda uani, akafungua sanduku aone kwa macho yake. Alitoa jiwe moja akalipakata, akasimama nalo. Akasema yarudishwe dukani, ni mali ya mizani. Baba yake alikuwa amefika mlangoni. Ndipo nikasikia neno la kwanza kati yao tangu Mei.

"Yaache humo," alisema. "Siku ukikaa wewe, tutayatoa."

Binti alirudisha jiwe mahali pake, akalifunika na aproni, akashusha mfuniko polepole usigonge. Mtoto wa mchapaji alikuwa anasubiri karatasi getini, kwa hiyo zaidi ya hapo sikuandika.

Ameacha mume, binti mmoja, kaka mmoja, mimi mdogo wake, wapwa watano, na kibanda namba 31 ambacho kitafunguliwa tena Jumatatu kikiwa na mawe madogo tu, kwa hiyo mje na subira. Shemeji amekuja makaburini na Kigoda. Kiko pale ndani ya geti. Walioegesha mbele yake wakitoka waache njia, maana kitarudi nyumbani ama na watu wawili, ama na mtu mmoja na mawe yake.

Dada, nimeyasema yote. Sasa pumzika.