Fundi Bomba Aliyekataa Kurudi Ughaibuni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Fedha, karibu mtaani kwetu. Ukiona viti vya vijana pale mbele viko wazi, hawajakususia. Wako ng'ambo.

SIFA YA MTAA
Umekuja kutupongeza kwa kuongoza kupokea fedha kutoka nje. Tulikusikia redioni ukisema fedha za watoto wetu zimebeba sehemu kubwa ya pato la taifa kuliko mazao yote tunayouza nje. Tulipiga makofi. Mama Cherehani, mshonaji wetu, peke yake aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu naye ni zao?"

MAFANIKIO
Mwanawe huyo, fundi bomba, ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Alisomesha binamu zake, akaezeka nyumba ya mjomba wake, akamjengea mama yake ghorofa. Mama analala chumba kimoja cha chini. Vilivyobaki anavifagia na kuvifunga.

CHANGAMOTO
Mwaka jana fundi alikuja likizo. Mama akamkuta anapanga nguo zake zote kabatini.

"Mama, sirudi tena."

Mama alilia, akacheka, akateleka chai bila kuwasha jiko.

Sisi, Mheshimiwa, tuliitisha kikao cha dharura. Mjomba mtu akaongoza ujumbe.

"Mwanangu, hali ya hewa ya kule ilikuwa inakupenda."

"Mjomba, kule tulilala wanne chumba kimoja."

"Si afadhali? Hukuwa mpweke."

Mwenye duka akadakia, "Na uchumi wa taifa je?"

Mama Cherehani akatokea jikoni, mkasi mkononi. "Taifa lina watu chungu nzima. Mimi ninaye huyu. Tokeni, na viatu mtavalia huko huko nje!"

Tukatoka pekupeku. Baadaye alitusimulia kwamba alipofunga mlango hata yeye hakujua watakula nini.

Wiki za kwanza walikula kwa kushona viraka. Kisha bomba la mjomba likapasuka, makochi yakaanza kuogelea sebuleni. Mjomba akameza kiburi, akamwita mpwa wake. Fundi aliziba, akakausha mikono, akataja bei.

"Mimi nikulipe wewe?" mjomba alimaka.

Alilipa, Mheshimiwa. Nasi tukaanza kupanga foleni kwa fundi.

MAOMBI
Mtaa huu hauna maji ya uhakika. Tunaomba mabomba, na fundi wetu apewe kazi hiyo. Wenzake wakisikia kuna kazi, watarudi. Tunajua pato la taifa litanywea kidogo, utuvumilie. Mjomba alilipinga ombi hili, tukamshinda kwa kura.

Mwisho, Mama Cherehani ametutuma tukuombee: Mungu akujalie wanao wakae karibu nawe hadi wakuudhi.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Nyuma ya Soko.