Kidole Kidogo cha Fundi Dole

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Dole, na naomba mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1971, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi wa umeme, alikohitimu mwaka 1993, huku mama akilalamika kwamba hakuna redio iliyobaki nyumbani bila kupasuliwa.

Mwaka 2006 aliajiriwa hospitalini, akafunga mashine za alama za vidole getini na mlangoni mwa stoo ya dawa, na tangu hapo watu wakaacha kusainiana mahudhurio, dawa nazo zikaacha kuota mbawa stoo, jambo lililompatia sifa na maadui pia. Hata hivyo hakuiamini mashine kupita kiasi, akisema nywila ikivuja unaibadilisha, ila alama ya kidole ikinakiliwa utakwenda kuomba kidole kingine wapi, tena mashine inakijua kidole, haikijui kisu kilicho shingoni mwa mwenye kidole. Kwa hiyo alisajili kidole chake kidogo cha kushoto kiwe cha hatari, kikigusa mashine mlango wa stoo ufunguke kama kawaida, huku kengele ikilia chumbani kwa walinzi, na wenzake wakamtania kwamba anaogopa hata kivuli chake.

Shemeji yetu alikuwa mfuaji wa mashuka pale pale, sabuni na maji moto vilikuwa vimezifuta alama za vidole vyake, mashine ikamkataa asubuhi nzima, hadi Fundi akamwambia kwamba mashine haimjui lakini yeye ameshamjua. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2008, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani wakajiwekea alama yao, kwamba anayeogopa, awe kwenye foleni ya sindano au mbele ya mwalimu mkali, humshika mwenzake kwa kidole kidogo bila kusema neno.

Tarehe 17 Juni mwaka huu, mchana, watu wawili waliovaa kama wachukuzi walimwekea kisu shingoni mlangoni pa stoo, wakitaka dawa za wagonjwa wa saratani, akagusa mashine kwa kidole kidogo cha kushoto, mlango ukafunguka, wakaingia wakicheka, na walinzi walipotokea mmoja wa wezi hao akageuka akamchoma kaka ubavuni. Dawa zilipona zote, kidonda hakikupona.

Tangu jana mnasema alikuwa shujaa asiyejua hofu, na shemeji ameniomba niseme kweli, kwamba asubuhi ya tarehe 9 Julai, mpira wa hewa ukiwa mdomoni, kaka alimshika mkewe kwa kidole kidogo, naye hakuuliza, akavua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia mpaka pumzi ilipokwisha. Aliogopa, ndugu zangu, kama alivyoogopa mlangoni, na mara zote mbili aliita na watu wakaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliowalisha watoto wetu, wafanyakazi wenzake, na ninyi walinzi mliokuja mbio bila kusubiri amri.

Pumzika kwa amani sasa, kaka, mlango tunaulinda sisi.