Koti Nyuma ya Mlango

Fundi alikuwa amepakata mashine yake ya ozoni kama mtoto mchanga, akimnadia muuguzi mstaafu aliyekaa naye kwenye treni. "Mama, watu wote nje, unafunga mlango, gesi inaua virusi hadi kwenye mapazia. Baadaye unafungua madirisha, basi."

Enzi za muuguzi hospitalini, kuua vijidudu ilikuwa ni kupiga deki mpaka vidole vichubuke.

"Naijua, mwanangu. Mafua yalipoingia kwangu niliikodi. Mimi, nesi mzima, nikasahau koti la marehemu mume wangu nyuma ya mlango."

"Basi nalo likatakata!"

"Lilitakata, baba. Miaka minne nilikuwa nalinusa kila asubuhi, tumbaku na sabuni yake. Sasa ni kama la dukani, hata sijui la nani."

Treni ikasimama kwenye kituo cha fundi. Fundi hakuinuka.