Sindano za Mama Ijumaa

Mheshimiwa Meneja, Ndugu viongozi wa chama cha wafanyakazi, familia ya mstaafu wetu, na ninyi washonaji wenzangu mliowahi leo kuliko mnavyowahi kazini: habari za mchana.

Tunamuaga msimamizi wa chumba cha kushonea, tunayemwita Mama Ijumaa. Wageni mtauliza, kwa nini Ijumaa? Miaka mitatu iliyopita wiki ya kazi hapa kiwandani ilipunguzwa ikawa siku nne, mshahara uleule, na ikaahidiwa kwamba kazi itakayobaki watapewa wasio na ajira. Basi wenzangu walifanya nini na Ijumaa yao ya mapumziko? Walirudi kwa mlango wa stoo kumalizia sare za shule, wasije wakaonekana wavivu. Fundi wa vifungo, usijifiche nyuma ya mumeo. Wewe ulikuwa ukiaga kila Ijumaa kwamba unakwenda kung'oa jino, mpaka mwenzio akaanza kukuhesabu meno.

Mimi nilikuwa nje ya lango, nimekalia tofali, na cheti changu cha ushonaji mkononi, nikisubiri kazi ambayo hawa ndugu zangu walikuwa wakiimaliza bure. Niliwachukia, niseme ukweli.

Alhamisi moja jioni Mama Ijumaa alichomoa sindano za cherehani zote ishirini, akazitia mkobani, akaenda zake nyumbani. Kesho yake wenzangu wakanyata, wakaingia, wakakuta cherehani hazina sindano, wakarudi makwao. Jumatatu mashati mia mbili hayakuwa na mikono. Meneja akafoka. Mama akamjibu kwa upole, "Bosi, wa kuishona mikono hiyo wako nje, wamekalia matofali." Wiki iliyofuata tuliajiriwa sita.

Mnaniuliza alikuwa mkali? Mkali sana. Aliyeonekana hapa Ijumaa alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Lakini wanangu wanasoma kwa sababu yake, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Sasa kuna fununu kwamba nafasi yake haitajazwa, kwamba sisi tuliobaki tutagawana kazi yake. Asubuhi nimepita langoni, nikakuta wanne wanasubiri. Kwa hiyo, Mheshimiwa Meneja, kwa niaba ya wote naushukuru uamuzi wako wa busara wa kumwajiri mmoja wao. Najua bado hujauamua. Hatuna haraka, leo ni Ijumaa.

Mama, nakutakia ustaafu mwema. Wengine, asanteni kwa kunivumilia. Sasa tumpigie Meneja makofi, na mtu asiache kupiga mpaka Meneja mwenyewe asimame aseme ndiyo.