Bibi wa Dawa Aliniuliza, Nikamjibu Hakuna

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tuliochelewa kusema kweli!

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu, mtaa wa Xiaobei, bila kujua niendako. Nilibeba pasipoti, nguo mbili na kiboksi cha dawa kilichobaki nusu. Siku ya nne ilikuwa inaingia tangu nitoke hospitali. Niliteremka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi nikapanda ya kwanza iliyofika. Mbele yangu kulikuwa na kiti kitupu, kile wanachowaachia wazee na wajawazito. Juu yake pana picha ya mama mwenye tumbo, na chini ya picha alama mbili za Kichina.

Naitwa Yustina, nimetokea Kahama. Shule niliiacha darasa la sita, miguu haikutulia: Mwanza, Tunduma, Nairobi, hadi huku kwa Wachina, ambako nawaongoza wafanyabiashara wa nyumbani kwenye majengo ya maduka ya jumla na kuwatafsiria bei. Mimi ni mtu wa kuuliza. Kila kibao barabarani nauliza kinasema nini. Alama zile mbili nilizijua siku nyingi kutokana na kiti kile: mama mjamzito.

Nikatoa kiboksi kwenye mkoba. Ubavuni, kwenye mstari mwekundu, zilikuwepo alama zilezile, na baada yake neno la kukataza ambalo hata mgeni wa wiki moja analijua, maana limebandikwa kila mlango. Ndugu zangu! Sikukaa kwenye kile kiti. Nilikaa chini sakafuni.

Mniruhusu nirudi nyuma kidogo.

Mimi na mume wangu Elias tulingoja mtoto miaka sita. Mara ya kwanza niliposhika mimba tulifurahi tukatangaza kanisani. Wiki ya tatu tangu tutangaze, ikatoka. Mama mkwe akasema, "Mmeitoa midomoni mwa watu, watu wameila." Basi nilipoona dalili tena, nikiwa nimerudi huku baada ya kumtembelea Elias nyumbani, niliapa hatajua mtu mpaka tumbo liseme lenyewe. Hata Elias sikumwambia. Mnajua desturi yetu. Mwanamke wa kwetu huifunika mimba changa kama moto wa usiku unavyofunikwa majivu.

Mgongo ukaanza kuuma, maana nilikuwa nanyanyua marobota ya nguo kama zamani. Kukataa kungeleta maswali. Mama Glory, mfanyabiashara wa Mwanza ambaye namwita dada, akanivuta mpaka kwenye duka la dawa za miti shamba nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Duka ni la bibi mmoja mwenye miwani. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwapeleka wanawake wetu pale, na kila mmoja nilimwonya: akikuuliza, mwambie ukweli, miti si maji.

Bibi akanishika kifundo cha mkono, akafumba macho muda mrefu. Kisha akaweka kiganja tumboni kwake akaniuliza kama nina mimba.

Mama Glory alikielewa kile kitendo. Akacheka, "Huyu? Mwambie hilo tumbo ni la wali wa mgahawa wa Wakongo!"

Nami nikacheka. Nikasema, "Meiyou." Ndilo neno la kwanza analojifunza mfanyabiashara hapa: hakuna. Bibi akauliza tena, safari hii bila kutabasamu. Nikarudia, "Meiyou, meiyou." Ndipo akanipa kile kiboksi, dawa ya kuifungua damu iliyosimama mgongoni.

Nilikunywa siku tano. Siku ya sita, ghorofa ya tatu ya jengo la jumla, kati ya marobota, damu ilishuka. Mama Glory alivua kitenge chake akanifunga kiunoni, akapiga kelele hadi teksi ikapatikana. Njiani alikuwa analia, "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia? Ningekubebea mimi!"

Hospitalini daktari aliandika kwenye simu, simu ikatafsiri: mtoto hayupo tena, sababu hatuwezi kuithibitisha, mimba nyingine hutoka zenyewe, lakini dawa hiyo haikupaswa kuingia mwilini mwako. Damu iliyotoka ilikuwa nyingi mno. Kuwa hai kwangu ni mkono wa Mungu, sisemi zaidi.

Sasa sikieni dhambi yangu. Wanawake walipokuja kunipa pole, Mama Glory alisema, "Yule bibi kakuulia mtoto!" Nikanyamaza. Wakainuka watano wakaenda dukani kwake. Walimtukana kwa Kiswahili, naye hakuelewa hata neno moja. Waliponisimulia kwamba alisimama tu, ameshika miwani mkononi, bado nilinyamaza. Ndiyo maana nilitoroka asubuhi ile. Haukuwa msiba peke yake.

Nilishuka Huangpu, upande wa bandari, mahali ambako mizigo yetu hupita lakini mimi sikuwahi kufika. Nilitembea mpaka nikaona nyumba ndogo ya wageni. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikagua pasipoti, akanitazama usoni, akaingia jikoni. Akarudi na kikombe cha moto, harufu ya tangawizi na mizizi nisiyoijua. Kabla hajanikabidhi, akaweka kiganja tumboni kwake. Akaniuliza swali lilelile.

Ndugu zangu, neno lile lilikuwa tayari mdomoni! Ee Bwana, ulinishika ulimi! Nikasema kwa Kichina changu kibovu, "Nilikuwa nayo. Imetoka juzijuzi. Damu bado."

Akakinusa kikombe. Akaenda akakimwaga. Akarudi na maji ya moto matupu, akanishikisha kwa mikono yake miwili.

Nililia mpaka maji yakapoa. Kisha nilimpigia Elias, nikamwambia yote mawili, kwamba alikuwa na mtoto na kwamba hana. Halafu nikamtumia Mama Glory ujumbe wa sauti: "Dada, bibi aliniuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyemdanganya. Kesho narudi, unisindikize nikampigie magoti."

Mtoto hakurudi. Siwadanganyi, uchungu upo. Lakini ile kamba ya uongo imekatika shingoni, namshukuru Mungu aliyeikata. Dada zangu mnaoficha, mwaminini Mungu aliyeiona mimba kabla ya macho ya watu. Ukiulizwa na mwenye dawa, jibu. Nami nilijibu, nikapewa maji.