Shashi ya Ishirini

Mgeni rasmi, Daktari Kipngeno, mkuu wa upasuaji katika hospitali tulikofanyia mazoezi. Mwalimu wetu Bi. Wangare, wazazi mliotoka Molo, Mai Mahiu na kwingineko: hamjambo. Sisi ni wahitimu kumi na mmoja wa kozi ya usaidizi wa upasuaji hapa Nakuru. Tumemtuma mwenzetu Cheruto atusomee. Akisoma polepole mvumilieni; anaogopa maikrofoni kuliko damu.

KARIBU

Karibu sana, Daktari. Leo tumekuona bila barakoa, na tumefurahi kujua kwamba unatabasamu.

TULIKOTOKA

Tulipoanza, ndugu zetu waliuliza, "Mnasomea nini hasa? Kupitisha makasi?" Ndiyo, tunapitisha makasi. Pia tunasafisha na kupanga vifaa, na tunahesabu kila kinachoingia mwilini mwa mgonjwa ili kisibaki humo. Hesabu hiyo husemwa kwa sauti. Muhula wa kwanza Cheruto alihesabu kimoyomoyo, na Bi. Wangare akamwambia, "Hayo ni maombi, si hesabu." Basi kila jioni tukawa tunamhesabisha viazi jikoni mwa hosteli, hadi jirani akauliza kama tunafungua kibanda.

TULIYOYAFANIKISHA

Mgeni rasmi, ulituomba tusiliruke jambo la mwezi wa Machi. Hatuliruki.

Mama Wangechi wa Karagita, ambaye ameturuhusu tumtaje, alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Shashi zilizofunguliwa, vile vitambaa vya kufyonza damu, zilikuwa ishirini. Ulikuwa umesimama tangu alfajiri, na mgonjwa mwingine alisubiri mlangoni. Ukanyoosha mkono upewe sindano ya kushonea. Cheruto aliishika, hakukupa.

"Kumi na tisa, Daktari."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. "Kumi na tisa."

"We msichana, ulifundishwa hesabu wapi? Lete sindano ama utoke!"

"Nitatoka, Daktari. Lakini bado moja."

Magoti yake yalikuwa yakigongana. Mwenzetu Naftaly, aliyesimama nyuma yake, aliyaona. Kisha ukarudisha mkono ndani, ukatafuta. Shashi ya ishirini ilitoka imelowa, imejikunja nyuma ya utumbo. Ulishona, ukaondoka.

CHANGAMOTO

Kitabu cha mazoezi cha Cheruto kilikaa mezani kwako wiki tatu bila sahihi. Bila sahihi hakuna mtihani. Hatukujua kama umekasirika au una kazi nyingi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Yeye alianza kukunja nguo zake, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Jumatatu moja kitabu kilirudi. Kando ya sahihi ulikuwa umeandika, "Huyu anajua kuhesabu." Tulilia wote, hata Naftaly, ambaye mpaka leo anasema ni vitunguu.

Sasa wasiwasi wetu ni kazi. Saba wameshapata, wengi wao kwa mkataba wa miezi sita. Wanne bado, Cheruto akiwemo. Katika mazoezi yetu tulipita hospitali moja ndogo yenye chumba kipya cha upasuaji; mlango una kufuli kwa sababu hakuna wa kuandaa meza. Tulichungulia dirishani. Taa bado zina nailoni za dukani.

MAOMBI

Tunaomba utusemee huko juu, nafasi za kudumu zitangazwe. Kila meza ya upasuaji inahitaji mtu wake.

Tena tunaomba iandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba hakuna kushona kabla hesabu haijatimia. Atakayekuja nyuma yetu huenda naye ni mwoga. Asiachiwe magoti yake peke yake. Awe na ukuta wa kuonyesha kwa kidole.

SHUKRANI

Mama Wangechi ameketi safu ya tatu, na mwanawe ndiye huyo anayepiga kelele tangu tuanze. Mwacheni apige.

Daktari, Mungu aishike mikono yako kila unapoinyoosha, na awape wagonjwa wako kuamka salama. Tuliingia chuoni tukiwa kumi na mmoja. Kuna wiki tatu tulizodhani tutatoka kumi. Asubuhi hii, kabla ya kuingia ukumbini, tumehesabu tena, kwa sauti, Cheruto akituongoza: kumi na mmoja.

Hesabu imetimia.

Ni sisi,
Wahitimu wa Usaidizi wa Upasuaji, Nakuru