Nyie Mnasikia Harufu Gani?

Padri, shemeji Odile, wanangu Clémence na Bastien, na nyote mliokuja kumsindikiza kaka yangu, familia imeniomba mimi Firmin, mdogo wake, niwasomee historia yake, nanyi mnivumilie, kwa sababu hadi juzi nilidhani ninaijua.

Marehemu Théodule Granjon alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa hapa Arbois, mtoto wa kwanza wa mzee Léonce na mama Huguette, wakulima wa zabibu. Alisoma shule ya msingi hapa mjini, akaenda chuo cha kilimo cha mizabibu huko Beaune, akahitimu Juni 1976, akafanya kazi kwenye maghala ya mvinyo ya Alsace na Bordeaux, na mwaka 1989 akanunua basi dogo la viti vinane, akaanza kuwatembeza watalii. Aliwapeleka Alsace kwenye mvinyo mweupe unaonukia waridi, Chablis kwenye ule unaonukia jiwe lililonyeshewa, akashuka nao hadi Bordeaux kwenye ule mwekundu mzito, kisha akawarudisha kwetu Jura kwenye mvinyo wa manjano, unaokaa pipani miaka sita na miezi mitatu bila kuguswa, ukatoka na harufu ya kokwa za jozi. Alikuwa na pua, jamani, pua niliyoionea wivu tangu utotoni, na leo nalisema mbele ya jeneza lake.

Alifunga ndoa na Odile Vuillard katika kanisa hili tarehe 17 Septemba 1983, wakajaliwa Clémence mwaka 1985 na Bastien mwaka 1988.

Tarehe 12 Februari 2012 aliteleza kwenye ngazi ya ghala langu la chini, kwenye kipandio cha tatu, kile nilichokuwa nikiahidi kila mwaka kukitengeneza, akapiga kisogo, akalazwa siku nne, akatoka, tukasema kapona. Tangu hapo akawa na mtindo mpya, kila akimimina mvinyo anawauliza wageni kwanza, "Nyie mnasikia harufu gani?", wakishasema ndipo naye anaeleza, nasi tukasifu kwamba uzee umempa adabu. Krismasi ya 2016, mezani kwangu, nilifungua chupa iliyoharibiwa na kizibo, inanuka gunia bichi, nikammiminia yeye wa kwanza, akanywa, akasifu, nami nikamwambia mbele ya wanawe, "Kaka, umekwisha, nenda kastaafu." Akacheka pamoja nasi. Sikumwomba radhi.

Hakuugua. Jumatatu tarehe 14 Mei 2018 Odile alikuwa kwa dada yake, mpira wa gesi jikoni ulikuwa umechomoka, jirani yetu Yvette akaisikia harufu akiwa barabarani, akawa anakuja kugonga mlango, na kaka, aliyekuwa ndani ya jiko hilo hilo, akawasha kiberiti achemshe kahawa. Sikuelewa, nikajiuliza pua ya Théodule imekosaje kuisikia gesi, na Mungu anisamehe, nikadhani amejiua.

Juzi Bastien alifungua kisanduku cha basi, akatoa cheti cha daktari cha Machi 2012, kinachosema kwamba ule mwanguko ulikata mishipa ya pua na kwamba hatanusa tena maishani. Miaka sita na miezi mitatu, ndugu zangu, muda ule ule wa pipa, na mkewe aliyempikia kila siku hakujua.

Pamoja na cheti kulikuwa na daftari, ameandika kila harufu waliyomtajia wageni, ili aikumbuke kwa ajili ya wengine, mwalimu mmoja wa Bergen amesema jozi na koti la babake, na chini ya Krismasi ya 2016 ameandika hivi: "Firmin kanicheka. Kumbe kizibo. Akijua kwamba sinusi tena harufu, atajilaumu kwa ile ngazi. Asijue."

Familia inawashukuru kikosi cha zimamoto, daktari aliyemtunzia siri kama alivyoombwa, Yvette aliyekimbilia moto huku wengine wakikimbia, madereva na watembeza wageni wenzake waliombeba leo, na wageni wake wa miaka yote, waliomnusia bila kujua.

Pumzika kwa amani, kaka. Kipandio nimekitengeneza jana.